Shuka la Saa Kumi na Moja

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta jicho likiona na mkono ukitulia, maana fundi saa hana mtaji mwingine. Sisi huku wazima. Mafua yalinilaza siku nne, yakaniacha na sauti ya mzee. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni, ila mkiwa wawili anakuonyesha pengo kwa fahari. Najua simu huitaki, unasema ikilia tu skrubu zinaruka mezani, ndiyo maana nimekaa chini kuandika kama watu wa zamani.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unajua nipo chumba cha ramani hapa wizarani, kazi yangu kuchora na kupaka rangi. Kuna sheria mpya ya makazi inakuja. Ndani ya hatua mia tano kuzunguka stendi ya kila mji, mwenye kiwanja ataruhusiwa kujenga hadi ghorofa nne, na kibali atakipata wizarani. Kamati za viwanja za miji hazitaulizwa tena. Rasimu iko wazi kwa maoni mpaka mwisho wa Juni, kisha inafungwa. Na mji niliopewa kuupaka rangi, amini usiamini, ni wetu.

Pamoja na ramani wameniletea gunia zima la mafaili ya kamati yenu. Mjomba, nimesoma mwandiko wako mpaka nimeuota. Katika miaka kumi na miwili watu arobaini na mmoja wameomba kujenga juu, na thelathini na watatu mmewakatalia. Kila aliyekataliwa kaandikiwa neno moja pembeni: kivuli. Hakuna maelezo wala sentensi. Kivuli tu.

Huku wanacheka. Mkuu wetu, tunamwita Mama Miwani kwa sababu ana jozi tatu na zote huwa kichwani, alisema ndiyo maana serikali inachukua madaraka hayo, kamati inayoogopa kivuli haiwezi kupewa mji. Nikakutetea kwa nguvu, halafu nikagundua sijui natetea nini. Hebu niambie, mwenyekiti. Kivuli ni nini?

Mpwa wako

*

27 Februari

Maswali,

Marahaba. Jina hilo nilikupa una miaka mitatu na naona hujalivua. Mimi mzima. Goti la kushoto linajua mvua inakuja kabla ya mimi kujua. Yule kinyozi jirani kanunua kiti kipya kinachozunguka, basi siku nzima wateja wanajizungusha badala ya kunyolewa. Mama yako mzima, nasikia. Mpe mjukuu pole ya meno.

Mwambie Mama Miwani wako kwamba hatuogopi kivuli, tunakipima. Ngoja nikueleze, kisha yeye naye aeleze anapima nini.

Mtu akitaka kujenga juu, kamati nzima, watu saba, inakwenda kwenye kiwanja chake. Tunabeba mianzi miwili ya mita saba, ambao ndio urefu wa nyumba ya ghorofa moja, na katikati yake tunafunga shuka kuukuu la hospitali. Muuza mbao anashika mwanzi mmoja, fundi bomba anashika wa pili, wananyanyua. Sisi wengine tunatazama kivuli cha shuka kinaangukia wapi. Kikiangukia barabarani au kwenye paa, tunapitisha. Kikiangukia dirisha la jirani, kamba yake ya nguo au mahali anapofanyia kazi, tunakataa. Mwalimu mkuu mstaafu, katibu wetu, ananisomea uamuzi na mimi nauandika failini.

Hatukuyaokota hayo njiani. Wewe ulikuwa mdogo. Palikuwa na fundi cherehani nyuma ya duka la dawa, mwanamke mmoja mwenye mkono mwepesi ajabu. Tajiri mmoja akajenga mbele yake ghorofa mbili kwa kibali kilichotoka huko huko kwenu. Tangu siku hiyo mama wa watu akawa anashona mchana kwa taa. Macho yakamwisha, akahama. Aliyetoa kibali hakuwahi kumwona hata siku moja. Tukasema haitatokea tena, tukafunga shuka kwenye mianzi.

Na mimi nina swali, maana si wewe peke yako. Mmepiga duara la hatua mia tano kuzunguka stendi. Stendi ipi? Sindano ya bikari mmeichoma wapi?

Mjomba

*

14 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Nimecheka mpaka machozi kwa kinyozi na kiti chake. Huku maji yalikatika siku tatu, tukawa tunaogea kikombe. Mengine yote salama.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini. Nilidhani watacheka, wakasogeza viti karibu. Mama Miwani alishusha jozi moja kutoka kichwani, akaniomba karatasi, akajichorea mianzi na shuka. Akasema, kumbe si wajinga. Nikaona nikupe salamu hizo kama zilivyo.

Ila sasa udadisi umenishika na hauniachii. Nimechukua rula na penseli, nimesimamisha kalamu juu ya meza karibu na dirisha, nimekitazama kivuli chake siku nzima kama mtu asiye na kazi. Saa sita kimekaa chini ya kalamu yenyewe. Saa tisa kimelingana nayo. Jioni kimevuka meza kikateremka sakafuni. Kalamu ni ile ile.

Mjomba, mnanyanyua shuka saa ngapi?

Jambo la pili ni dogo. Umeandika mama mzima, "nasikia". Unasikia kwa nani? Anafua nguo za hospitali, mji ule ule, si mbali na kwako. Kila siku anapanda mabasi mawili kutoka chumba chake cha kupanga, na lazima apite mlangoni pako. Mimi nikimwuliza habari zako, naye ananiambia, "Nasikia hajambo." Mnanichezea, au mna jambo?

Mpwa wako

*

2 Mei

Maswali,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, mvua pia. Goti halikuacha.

Shuka tunalinyanyua saa kumi na moja. Wanakamati wote ni watu wa kazi. Muuza mbao anafunga saa kumi, fundi bomba anarudi kutoka mitaani saa kumi na nusu, mimi mwenyewe siwezi kuacha saa ya mtu imefunuliwa matumbo. Kwa hiyo saa kumi na moja. Imekuwa hivyo tangu mwanzo.

Wiki iliyopita walikuja watu wawili wenye buti zinazong'aa. Walikuwa wanapima kwa futi ya kamba pale bondeni ilipokuwa stendi ya zamani, wakapigilia vigingi vyekundu. Nikawauliza wanapima nini, wakaniambia subiri Julai mzee, utaona. Ulitoka huku bado msichana, lakini siamini umesahau kwa nini stendi ilihamishwa. Mvua ikinyesha siku mbili, maji pale yanafika magotini, na basi la mwisho kuzama lilivutwa na trekta mbili. Ndiyo maana miaka minane sasa mabasi yanasimama kule juu, karibu na hospitali.

Hukunijibu. Sindano mmeichoma wapi?

Mjomba

*

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Sina habari nyingi za nyumbani leo, nisamehe.

Nimefika chini ya gunia. Faili la mwisho lilikuwa limejikunja, nikalinyoosha kwa mkono. Kiwanja namba kumi na nne. Mwombaji anataka kujenga chumba kimoja juu ya duka alilompangisha kinyozi, aishi humo mwenyewe, karibu na kazi yake. Duka lile nalijua, baba alikuwa akitengeneza redio mle ndani kabla hajafariki. Na sahihi ya mwombaji naijua pia, maana ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule.

Miaka mitano iliyopita mama aliomba kurudi mjini, mkamkatalia. Kivuli. Mwandiko ni wako.

Mimi wakati ule nilikuwa chuoni. Aliniambia amehamia mbali kwa sababu anapenda utulivu. Nikamwamini, nikaenda zangu. Miaka mitano, Mjomba, anaamka kukiwa bado giza, anapanda mabasi mawili aende kufua mashuka ya wagonjwa, anashuka barabara ile ile yenye kiwanja chake mwenyewe. Na wewe uko dirishani umeweka lenzi kwenye jicho.

Nimechukua ramani nikapima. Magharibi mwa duka lako, ng'ambo ya barabara, ndipo kilipo kiwanja namba kumi na nne. Dirisha lako linatazama huko. Nimesimamisha kalamu yangu mezani tena, ingawa jibu ninalo tayari. Kivuli kile cha saa kumi na moja kiliangukia wapi?

Na ulijua? Wewe ambaye kazi yako yote ni saa, hukujua kwamba saa kumi na moja kila kitu kina kivuli kirefu?

Mpwa wako

*

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeiweka mezani siku tatu, nikawa nafanya kazi kandokando yake. Leo nimeamua kukwambia kinagaubaga.

Kiliangukia mezani pangu.

Mama yako alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare yake. Shuka ni lake, yeye ndiye aliyetupatia, hospitali walipolitoa kwa kuchakaa. Muuza mbao na fundi bomba wakanyanyua. Kivuli kilikuwa kimeshavuka barabara na kupanda ukuta wangu, kikaingia dirishani kikafunika meza yote, vibano, koleo na saa ya mteja iliyokuwa wazi. Wote wakageuka kunitazama. Mwalimu akaniuliza, "Mwenyekiti, unasemaje?" Ningeweza kusema ni saa moja na nusu tu ya mwanga kwa siku. Ningeweza kusema niondoke kitini kwa sababu ni dada yangu na ni dirisha langu. Nikatazama viatu vyangu. Wakaona wakikataa wananisitiri. Mwalimu akasoma, mimi nikaandika.

Mama yako alifungua vifundo vya shuka mwenyewe, akalikunja pembe kwa pembe kama anavyokunja kazini, akaniwekea mikononi, akaenda kupanda basi. Tangu siku hiyo hajaingia dukani kwangu. Shuka bado tunalitumia. Kila nikilikunjua naona mikunjo yake.

Unauliza kama nilijua. Nimetengeneza saa miaka thelathini na mitano. Nilijua. Nilijua kabla ya faili la mama yako, nikajiambia tuna shughuli, wanakamati hawapatikani mapema, ndivyo tulivyoanza. Ukikaa kitini miaka mingi, kile ulichoanzisha kwa sababu ya mama mmoja aliyeshona kwa taa kinageuka kuwa chako. Naona aibu. Sina neno jingine la kuipamba.

Sasa wewe. Nimekuuliza mara mbili, hii ya tatu. Hujawahi katika maisha yako kuulizwa swali ukalikwepa, ulikuwa ukijibu hata usiyoulizwa. Kwa hiyo nadhani jibu ninalo tayari, kama wewe ulivyokuwa nalo. Mmeichoma stendi ya zamani.

Mjomba

*

3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeikasirikia barua yako, kisha nimeilia, kisha nimeiweka kwenye begi na sasa natembea nayo. Mjukuu wako ameota jino moja, limekaa upande.

Ndiyo. Stendi ya zamani.

Orodha ya stendi tunayotumia hapa ni ya miaka kumi iliyopita, na hakuna aliyekuja huko kuangalia. Hakuna anayekwenda popote, Mjomba. Hilo pia sikutaka kukwambia uliponiuliza tunapima nini. Miji yote tunaichora kutoka ghorofa ya tatu. Siku ya kwanza nilichoma sindano pale orodha iliposema, nikazungusha, na kabla duara halijafunga nikajua nimekosea. Nikasema kesho nitamwambia Mama Miwani. Kesho yake kulikuwa na kikao. Halafu mtunza orodha alikuwa likizo. Halafu nikafika kwenye faili la mama.

Nisikilize vizuri hapa. Sindano ikiwa stendi ya zamani, kiwanja cha mama kiko ndani ya duara. Ikifika Julai anaweza kujenga chumba chake bila kumwomba mtu yeyote huko, si wewe, si mwalimu, si shuka. Nikiihamishia hospitali, duara linahama nayo. Kule manesi watapata nyumba karibu na kazi, na mafaili yao yamo gunia hili hili, nao mmewakatalia kwa kivuli. Lakini kiwanja cha mama kinabaki nje kwa hatua sitini. Kinarudi kwenye kamati. Kinarudi mikononi mwako.

Najua bonde lile. Nilipoteza kiatu pale nikiwa darasa la pili. Najua watu wa buti wanangoja Julai wajenge, na najua ghorofa nne zikisimama pale zitasimama kwenye uji. Nimejua tangu Februari. Kila asubuhi nafungua ramani, naipaka rangi nyekundu nzuri sana, naifunga.

Ulitazama viatu vyako. Mimi natazama rangi.

Zimebaki wiki tatu na siku kadhaa. Niambie nifanye nini, na usinipe jibu la mwenyekiti.

Mpwa wako

*

12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera ya jino.

Ihamishe sindano.

Mimi nilinyamaza kwa ajili ya meza, wewe unanyamaza kwa ajili ya mama. Ukimya wako una sura nzuri zaidi, lakini maji ya bondeni hayatazami sura. Watakaoishi mle hawatakuwa watu wa buti. Watakuwa watu kama mama yako, waliochoka na mabasi mawili.

Usiniulize kama kamati itampitisha. Tuko saba na kila mmoja ana kura yake, siwezi kukuahidi mikono ya watu sita. Naahidi mdomo wangu, ambao mara ile haukufunguka. Najua nakuomba uniamini katika jambo lile lile nililokuangusha. Kama huwezi, nitaelewa. Lakini ihamishe.

Mjomba

*

1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimeihamisha. Tarehe ishirini na nane, zikiwa zimebaki siku mbili.

Niliingia kwa Mama Miwani na ramani mbili, ya zamani na mpya. Alizitazama muda mrefu, kila mara akibadilisha miwani. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimezaliwa pale. Akauliza, "Tangu lini unajua?" Nikamwambia tangu Februari. Hakupaza sauti, na hilo lilinikata maini zaidi. Alisema kwamba orodha mbovu ni kosa la wizara, ila miezi mitano ni yangu.

Kwa hiyo nimehamishiwa stoo ya ramani kuukuu, chini kabisa, mimi na vumbi na panya mmoja mwenye adabu. Rangi nimenyang'anywa. Lakini kabla sijashuka ngazi aliniita tena. Alitaka kujua kuhusu shuka. Kama kamati ingelinyanyua saa tofauti, je, ingeandika matokeo ya kila saa? Je, mji mwingine ungeweza kufanya vilevile? Maswali hata mimi sikuyafikiria. Ameongeza mstari mmoja kwenye maoni ya wizara, kwamba hakuna duara litakalofungwa kabla mtu hajakwenda kusimama penye sindano kwa miguu yake. Sijui kama wakubwa wataukubali. Wanaweza kuufuta.

Mama sijamwambia lolote. Naogopa kumpa tumaini halafu lirudi na neno lile moja. Hilo ni lako kumwambia.

Sasa nakusubiri wewe.

Mpwa wako

*

18 Agosti

Maswali wangu,

Marahaba. Nimechelewa, lakini safari hii sikuwa najificha. Nilitaka nikuletee habari nzima badala ya kipande. Goti limetulia. Kiti cha kinyozi kimeharibika, hakizunguki tena, na wateja wanalalamika kana kwamba wamedhulumiwa. Vigingi vyekundu vya bondeni vimeng'olewa, watu wa buti wamehamia kule hospitali na sasa wanatupa shikamoo.

Nilikwenda kwa mama yako mwenyewe. Nilipanda hayo mabasi mawili, la pili nilisimama njia nzima, nikafika goti limevimba. Ndiyo mara ya kwanza nimeifanya safari anayoifanya kila siku. Alifungua mlango, akaniona na fomu mkononi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikamwambia yote mlangoni pale pale, dirisha, viatu, saa, na wewe na sindano yako. Nikamwambia aombe upya. Aliitazama fomu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa zote."

Tulichagua Jumamosi, muuza mbao akafunga duka shingo upande. Tulinyanyua shuka saa tatu asubuhi, kisha kila ilipotimia saa tulinyanyua tena, na mwalimu akapiga mstari wa chaki pale kivuli kilipoishia. Wapita njia waliiruka ile mistari. Mpaka saa sita kivuli kilikuwa kimejikunyata upande wa kinyozi. Saa tisa kikafika katikati ya barabara. Saa kumi kikagusa kizingiti changu. Saa kumi na nusu kikaingia dirishani. Saa kumi na moja meza yangu ilikuwa gizani, sawasawa na mara ile.

Kabla ya kura nikatoka kitini. Mwalimu akakaa. Akaniita kama jirani mwingine yeyote anavyoitwa, nikasimama barabarani juu ya mstari wa saa kumi, watu wakinitazama, na mama yako ng'ambo amefunga mikono. Akaniuliza kama kivuli kile kinanidhuru.

Nikasema, "Kinaniudhi. Hakinidhuru."

Mama yako akasema kwa sauti ambayo hata wateja wa kinyozi waliisikia, "Ungesema hivyo miaka mitano iliyopita." Nikamwambia ndiyo.

Watano wakapitisha, mmoja akakataa. Aliyekataa ni muuza mbao, anasema kanuni ni kanuni, na Jumatatu akaja mwenyewe kumuuzia mama yako mbao za ngazi. Kamati imekubali kwamba kuanzia sasa tutapima asubuhi, adhuhuri na jioni, na tutawaita upya wote thelathini na watatu. Kiti nimemwachia mwalimu. Waliniomba nibaki, nikakataa. Faili la mama yako nimeliandika mimi mara ya mwisho, na pembeni nimejaza ukurasa mzima. Mwambie Mama Miwani nakala inakuja, na kama anataka kuliona shuka lenyewe, aje huku kwa miguu yake kama alivyoandika.

Ukuta umefika kiunoni. Chumba kitakuwa na madirisha mawili, moja mashariki, moja magharibi, na kwa urefu ule jua halitazuiliwa na mtu. Mama yako anapita kila jioni akitoka kazini kutazama mafundi. Siku za kwanza alikuwa anasimama upande wake wa barabara. Wiki hii alivuka. Hakuingia, alisimama nje ya dirisha langu, akanitazama nikihangaika na skrubu kwenye lile giza la kuazima, maana shuka nimelitundika ng'ambo kwenye mianzi ile ile nianze kuizoea jioni yangu mpya.

Hatujazungumza sana. Siwezi kukudanganya kwamba mambo yamekwisha. Lakini jana, akiwa anaondoka, aligeuka, akatazama juu pale litakapokaa dirisha lake la magharibi, akaniuliza meza yangu ina upana gani.

Mjomba wako